Kiingereza Chetu: Mtu Alivyo na Mtu Atendavyo



Jumamosi iliyopita, jua likianza kushuka, tulikuwa tumeketi barazani kwetu katika mtaa wa Lumumba, hapa Bunia, na daftari za wanafunzi zimejaa mezani. Akaja mama mmoja jirani yetu pamoja na mwanawe. Kijana huyu amemaliza masomo ya sekondari, ni mwenye adabu, na mikono yake haiogopi kazi. Sisi wenyewe tumemwona akifyatua matofali tangu alfajiri hata mchana, apate kuwalipia karo wadogo zake. Mama akasema, "Mwalimu, tumekuja na barua. Mtoto anaomba kazi kwa wale watu wanaosema Kiingereza. Tafadhali, uiangalie kwanza kabla haijakwenda."

Tukaipokea tukaisoma. Mwandiko ulikuwa safi, wala hapakuwa na alama ya kufutafuta. Lakini katikati ya ukurasa tukakuta maneno haya: "I am a serious boy and I work hardly."

Tulinyamaza kidogo. Kijana alitaka kusema kwamba yeye hufanya kazi kwa bidii. Alijua kwamba "hard" ni kivumishi, akakumbuka kanuni aliyofundishwa darasani, ya kwamba ukitaka kugeuza kivumishi kiwe kielezi, utaongeza "-ly" mwishoni. Naye akaongeza. Kanuni aliifuata sawasawa, kama mwanafunzi mtii. Ila katika Kiingereza neno "hardly" halina maana ya bidii hata kidogo. Maana yake ni "kwa shida tu", "karibu sifanyi". Kwa hiyo barua ile ilimwambia bwana wa kazi hivi: mimi ni kijana wa makini, na kazi karibu sifanyi kabisa.

Tukafuta herufi mbili za mwisho, barua ikapona. Lakini mama, aliyekuwa akitutazama usoni, akauliza kwa sauti ndogo, "Na zile nyingine mbili?" Kumbe mwezi uliotangulia kijana alikuwa amekwisha kupeleka barua mbili kwingine, zenye neno lile lile, wala hakupata jibu. Hatuwezi kusema kwamba ni "hardly" iliyomkosesha kazi, kwani wanaoomba ni wengi na nafasi ni chache. Walakini hatukuweza kumwambia mama kwamba si hiyo.

Ndiyo sababu juma hili tumeliacha somo tulilokusudia, tupate kuongea nanyi juu ya vivumishi na vielezi.

Tuanze na maana zake. Kivumishi hushikamana na jina, nacho hutwambia mtu au kitu kilivyo: mzuri, mrefu, mvivu, safi. Kielezi hushikamana hasa na kitenzi, nacho hutwambia tendo lilivyotendwa, au lini, au wapi, au mara ngapi: vizuri, upesi, jana, pale, daima. Kielezi kina kazi nyingine pia, ya kukikuza kivumishi au kielezi kingine, kama tusemavyo "mrefu sana", au "upesi mno". Kwa ufupi, kivumishi hueleza alivyo mtu. Kielezi hueleza atendavyo.

Tofauti hii si ndogo. Mwalimu akiandika katika ripoti ya mtoto "He is bad", amemhukumu mtoto mwenyewe. Akiandika "He writes badly", amelaumu mwandiko tu, na mwandiko waweza kutengenezwa kwa daftari moja na uvumilivu. Twajua baba ambaye alimchapa mwanawe kwa sababu ya maneno ya namna ile ya kwanza, na huku mwalimu alikuwa akisikitikia hesabu za kugawanya tu.

Sasa mtauliza, kwa nini jambo lililo wazi hivi latusumbua? Jibu limo katika lugha yetu wenyewe. Tazameni sentensi hii ya Kiswahili sanifu: "Amesoma vitabu vizuri." Je, vilivyo vizuri ni vitabu, ama ni usomaji wake? Yaweza kuwa hivi, yaweza kuwa vile. Kiambishi "vi-" cha wingi wa kitabu ndicho hicho hicho "vi-" tunachokitumia kufanya kielezi: vizuri, vibaya, vigumu. Masikio yetu hayaoni taabu, kwani mazungumzo yenyewe yatatuonyesha maana. Lakini anayetaka kuitia sentensi hiyo katika Kiingereza sharti achague. "He has read good books" ni kusema vitabu vyenyewe ni vizuri, hata kama alivisoma akisinzia. "He has read the books well" ni kusema amevisoma kwa makini, hata kama vitabu havikuwa na faida. Kiingereza hakikubali ukae katikati.

Na Kiswahili tunachokisema hapa mitaani Bunia kimekwenda mbele zaidi. Huko Zanzibar watasema "mwimbaji mzuri" na "anaimba vizuri". Sisi sokoni na nyumbani twasema "mwimbaji muzuri", tena "anaimba muzuri". Ukiulizwa habari, jibu ni "muzuri". Neno moja limechukua mizigo yote. Hatusemi hivyo ili kudharau Kiswahili cha kwetu. Ndicho kinachomwezesha mtu wa Aru na mtu wa Irumu kuuziana ndizi bila mkalimani. Lakini mtoto aliyezoea "muzuri" moja kwa kila kazi, akifika kwenye Kiingereza atatafuta neno moja kwa kila kazi, na atakaloliona ni "good". Ndipo tunaposikia "She sings good" na "I speak English good", ambapo ilipasa "She sings well" na "I speak English well".

Jambo la kushangaza ni kwamba mtoto huyo huyo hakosei katika Kifaransa. Hata siku moja hatasema "elle chante bon". Amezoea tangu darasa za chini kwamba "bon" ni ya mtu na "bien" ni ya tendo, "mauvais" ni ya mtu na "mal" ni ya tendo. Basi twawashauri wanafunzi: mkiwa na mashaka kati ya "good" na "well", ulizeni Kifaransa kwanza. Kikiwajibu "bon", andikeni "good". Kikiwajibu "bien", andikeni "well". Na neno hilo "well" lina kazi moja nyingine: "I am well" ni kusema "mimi ni mzima wa mwili". Siku hizi vijana wengi hujibu "I'm good", nasi hatuwagombezi wakiwa njiani. Katika mtihani na katika barua waandike "I am well".

Kifaransa kitatusaidia tena katika ile "-ly". Kama vile Kifaransa hutoka "lent" kwenda "lentement", ndivyo Kiingereza hutoka "slow" kwenda "slowly". Asili ya mikia hii miwili yapendeza kujua. "-ment" imetoka katika neno la Kilatini "mente", yaani "kwa nia", "kwa moyo": aliyefanya jambo "lentement" amelifanya kwa nia ya polepole. "-ly" nayo imetoka katika neno la Kiingereza cha kale lililokuwa na maana ya mwili au umbo. Hivyo Mfaransa huliangalia tendo kwa nia yake, na Mwingereza huliangalia kwa umbo lake. Sisi twakaribia zaidi Waingereza, kwani husema "kitoto", "kijinga", "kishujaa", yaani kwa mfano wa mtoto, wa mjinga, wa shujaa. Tulipokuwa seminarini tulihangaika muda mrefu na "bonus" na "bene", "fortis" na "fortiter", wala hatukujua kwamba taabu ile ilikuwa ikitutayarishia njia ya Kiingereza.

Katika kuandika, angalieni herufi ya mwisho. "Happy" hutoa "happily", kwa kuwa "y" hugeuka "i". "Gentle" hutoa "gently". "Careful" hutoa "carefully", yenye "l" mbili. Hapo ndipo kalamu nyingi huanguka.

Tuje kwenye upatanisho, nasi tutafurahi, maana hapa Kiingereza ni chepesi kuliko lugha zetu zote. Katika Kiswahili kivumishi humfuata bwana wake na kubadili kichwa: mtu mzuri, watu wazuri, kiti kizuri, viti vizuri, nyumba nzuri, mawe mazuri. Katika Kifaransa hubadili mkia: "bon", "bonne", "bons", "bonnes". Katika Kiingereza hakibadili kichwa wala mkia: "a good man", "good men", "a good chair", "good chairs". Lakini mwanafunzi wetu, aliyezoea kupatanisha kila kitu, hawezi kuamini kwamba ameachiliwa huru. Ataandika "two goods books" na "the intelligents children", maana dhamiri yake yamsuta asipotia "s". Dawa tunayoitumia darasani ni hii. Kiswahili chenyewe kina vivumishi vichache visivyobadilika, vingi vyao vimetoka Uarabuni: safi, hodari, ghali, rahisi. Mtu hodari, watu hodari. Nyumba safi, viatu safi. Hakuna asemaye "vi-safi". Basi vihesabuni vivumishi vyote vya Kiingereza kuwa ndugu za "hodari" na "safi". Wanaoasi ni "this" na "that" tu, ambao katika wingi huwa "these" na "those".

Mahali pa neno pia huleta makosa. Kwetu jina hutangulia na kivumishi hufuata: nyumba safi. Katika Kiingereza kivumishi hutangulia: "a clean house". Anayeandika "a house clean" ameandika Kiswahili kwa maneno ya kigeni. Na kielezi je? Hapa ni Kifaransa kinachotupoteza. Mfaransa husema "Elle parle bien l'anglais", naye mwanafunzi huandika "She speaks well English". Sivyo. Kitenzi cha Kiingereza na mtendwa wake huketi pamoja kama mume na mke mezani, wala kielezi hakiruhusiwi kuingiza kiti chake katikati: "She speaks English well." Lakini "always", "often" na "never" hutangulia kitenzi: "He always comes late." Kitenzi kikiwa "to be", hufuata nyuma yake: "He is always late."

Twarudi sasa kwa kijana wetu na "hardly" yake, kwa sababu hakuwa peke yake mtegoni. Yako maneno ambayo ni kivumishi na kielezi pamoja, bila kuongezwa kitu. "Hard" ni moja: "hard work" ni kazi ngumu, na "to work hard" ni kufanya kazi kwa bidii. "Fast" ni jingine: pikipiki ni "fast", na anayeiendesha anaendesha "fast"; "fastly" haimo katika kamusi, ijapokuwa twaiona kila mwaka katika mitihani. "Late" pia: "The lorry came late" ni kusema lori lilichelewa. Ukiongeza mkia ukasema "The lorry came lately", umesema limekuja siku hizi za karibuni, na huenda halikuchelewa hata dakika moja. "Near" ni karibu kwa mahali. "Nearly" ni karibu kwa kiasi. Mtu akifa "near the road", amekufa kando ya barabara. Mtu aliyekuwa "nearly dead" bado yu hai, nasi twamshukuru daktari.

Na kwa upande wa pili, yako maneno yaishayo kwa "-ly" ambayo si vielezi hata kidogo: "friendly", "lonely", "lovely". Hivyo ni vivumishi. "A friendly nurse" ni muuguzi mwenye moyo wa urafiki. Ukitaka kusema alitupokea kirafiki, sharti uzunguke kidogo: "She received us in a friendly way." Mkia peke yake si ushahidi wa kutosha. Anayetaka kujua neno ni la ukoo gani, alitazame linamtumikia nani katika sentensi.

Hapo tumefika kwenye samaki. Mama zetu wauzao samaki kutoka Kasenyi hawana haja ya Kiingereza ili wajue samaki aliyeharibika. Lakini mwanafunzi akitaka kumtaja katika Kiingereza, atasema "This fish smells badly", akidhani kwamba "smells" ni kitenzi na kitenzi chataka kielezi. Amefikiri vema, ila amemtukana samaki pua yake. Amesema kwamba samaki huyo hajui kunusa. Kuna vitenzi vichache katika Kiingereza, navyo ni "smell", "taste", "look", "feel", "sound", "seem", ambavyo mara nyingi havielezi tendo, bali huunganisha jina na hali yake, kama kifanyavyo kitenzi "to be". Baada yake kivumishi ndicho kinachotakiwa: "This fish smells bad." "The soup tastes good." Vitenzi hivyo vikirudi kuwa tendo la kweli, kielezi nacho hurudi. "The mother looked sad" ni kusema uso wa mama ulikuwa na huzuni. "The mother looked sadly at the letter" ni kusema aliitazama barua kwa huzuni. Jumamosi ile barazani kwetu, sentensi zote mbili zilikuwa za kweli.

Katika vielezi yapo pia maneno yanayofanana na ya Kifaransa kwa uso, lakini si ndugu kwa maana. "Actually" si "actuellement". "Actuellement" ni "kwa sasa"; "actually" ni "kwa kweli", "hasa". Kosa hili halina madhara makubwa. Lakini "eventually" limekwisha kuwagharimu watu fedha. "Éventuellement" ya Kifaransa ni "huenda", "ikiwezekana". "Eventually" ya Kiingereza ni "hatimaye", yaani jambo litatendeka, ijapokuwa baadaye. Twamfahamu mfanyabiashara mmoja wa mji huu anunuaye marobota ya nguo kule Kampala. Alimwandikia mwenye ghala kwamba achukua marobota kumi, na "eventually" mengine ishirini. Moyoni alisema, "huenda". Mwenye ghala akasoma, "hatimaye nitayachukua". Akayaweka kando yale ishirini, akawanyima wanunuzi wengine, na mwisho wa mwezi akadai fedha zake. Wamepatana, lakini kwa safari mbili za kuvuka mpaka na kwa maneno makali ambayo hayakuwa katika somo lolote la sarufi. Neno alilolihitaji lilikuwa "possibly", au "perhaps".

Huenda msomaji atasema, haya ni mambo ya barua na biashara, tena ya watoto wa shule. Basi tutataja shauri moja ambalo sisi watu wa Ituri twalijua kuliko wengine, ambamo kielezi kimoja kilipimwa na mahakimu kama dhahabu inavyopimwa katika mizani.

Mkataba wa Roma wa tarehe 17 Julai 1998, ulioiweka Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai, unahesabu kuwa kosa la vita kuwaingiza jeshini watoto wa chini ya miaka 15, au kuwatumia ili washiriki katika mapigano. Lakini haukusema "washiriki" tu. Umesema "participate actively", na kwa Kifaransa "participer activement". Hiyo "actively" ndiyo kielezi chetu, kilichotoka katika kivumishi "active". Itifaki ya kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, ilikuwa imetumia neno jingine. Katika Kiingereza ilisema watoto wasichukue "a direct part", kwa kivumishi, na katika Kifaransa wasishiriki "directement", kwa kielezi.

Thomas Lubanga Dyilo alishtakiwa mbele ya Mahakama hiyo, mjini The Hague, kwa ajili ya watoto wa Ituri waliochukuliwa na kutumiwa kati ya Septemba 2002 na Agosti 2003. Hukumu ilitolewa tarehe 14 Machi 2012, nayo ilikuwa hukumu ya kwanza ya Mahakama hiyo tangu kuundwa kwake. Humo mahakimu walilazimika kujiuliza: mtoto aliyepigana mstari wa mbele bila shaka ameshiriki; lakini aliyechukua ujumbe, aliyepeleleza, aliyelinda kizuizi barabarani, je, naye ameshiriki "actively"? Wakaona kwamba "active" ni pana kuliko "direct", nayo yaweza kuwaingiza hata wale waliowasaidia wapiganaji kwa kazi nyingine, ikiwa kazi hiyo iliwaweka watoto katika hatari ya kweli ya kushambuliwa. Lubanga akahukumiwa, na tarehe 10 Julai 2012 akapewa kifungo cha miaka 14. Mahakimu wa rufani waliithibitisha hukumu hiyo tarehe 1 Desemba 2014. Hata hivyo nao walilirudia neno lile lile, wakasema kwamba kinachopasa kutazamwa hasa si kiasi cha hatari, bali ni uhusiano kati ya kazi ya mtoto na mapigano yenyewe. Sheria ingalisema "directly" mahali pa "actively", huenda watoto wengine wangalibaki nje ya ulinzi wake.

Baadhi ya mashahidi wa shauri hilo walisema kwa Kiswahili, na Mahakama yenyewe hufanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa. Sisi kama mwalimu tumejaribu mara nyingi kutafuta namna ya kuitia "actively" hiyo katika Kiswahili. Magazeti mengi huandika "kushiriki kikamilifu". Hatukubaliani nayo. "Kikamilifu" ni kwa ukamilifu, bila kupungua kitu. Mtoto aliyepeleka barua kutoka kambi moja hata nyingine hakushiriki mapigano kikamilifu, na wakili mwerevu angeweza kulishika neno hilo akalitumia kama mlango wa kutokea. Wengine husema "kwa bidii". Hiyo ni mbaya zaidi, kwani mtoto aliyechukuliwa kwa nguvu hana bidii ya kuulizwa. Sisi twapendelea "kushiriki kwa matendo". Hata hiyo haitoshi sana, lakini haisemi uongo. Msomaji mwenye neno bora na atuandikie.

Kijana wetu alichukua barua yake siku ya Jumatatu asubuhi, ikiwa na "I work hard". Akatuomba pia tumpe sentensi za kujizoeza jioni, nasi twawapa ninyi nyote sentensi zile zile, kila moja ikiwa na kosa moja: "My sister cooks very good." "We bought three news bicycles." "The driver was driving fastly near the market." "He plays well football." "The milk tastes sourly." "You look happily today, Mama." Na ya mwisho si kosa, bali ni kuitia katika Kiingereza kwa njia mbili, na kueleza tofauti yake: "Wametengeneza viti vizuri." Anayetaka tusahihishe kazi yake ailete barazani kwetu Lumumba jioni yoyote isipokuwa Ijumaa, aandike kwa wino, na aache nafasi kati ya mstari na mstari.